Je, kukusanya diski na kaseti za michezo ya video bado kuna maana hapa kwetu?

Mkusanyaji wa Katuba (Lubumbashi) anauliza:

Ndugu wapenzi wa michezo ya video, nawasalimu nyote, mlio hapa Lubumbashi na mlio kule Kivu.

Kabati langu lina diski za PlayStation 2, PlayStation 3 na PlayStation 4, pamoja na kaseti kadhaa za Nintendo Switch. Kwa muda mrefu sikuona haja ya kumweleza mtu yeyote kwa nini nazinunua, lakini sasa nimelazimika kujieleza. Muuzaji mmoja wa mjini ananishawishi nichukue PlayStation 5 isiyo na sehemu ya kuingizia diski, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Mpwa wangu naye, ambaye ana akaunti aliyoifungua kana kwamba anaishi Ubelgiji, ananiambia kwamba diski ni mambo ya wazee na kwamba niuze kabati lote kabla halijakosa mnunuzi. Wakati huohuo nasoma kwamba baadhi ya kaseti za Switch 2, konsoli (mashine ya kuchezea) iliyotoka Juni 2025, hazina mchezo ndani yake hata kidogo: unanunua kadi inayokupa ruhusa ya kupakua, basi. Kama mambo yamefikia hapo, nashindwa kujua kama ninakusanya michezo au makasha ya plastiki.

Sikusanyi ili niuze baadaye kwa bei kubwa, wala sihitaji kasha ambalo bado limefungwa kwa nailoni yake ya kiwandani. Ninachotaka ni michezo ambayo mwanangu ataweza kuicheza baada ya miaka 20, hata kama kampuni iliyoitengeneza imekwisha kufunga seva zake (kompyuta zake za mtandaoni), na hata kama siku hiyo hatuna mega za intaneti nyumbani. Kwa lengo hilo, ni diski zipi ambazo bado inafaa kuzinunua, na zipi niachane nazo? Nichukue konsoli hiyo isiyosoma diski au nisichukue? Na kwa wenye ujuzi wa ufundi, zinatunzwaje katika mji ambao kuanzia Mei hadi Septemba kila kitu kinafunikwa na vumbi jekundu?

Yaya wa Bel-Air (Lubumbashi) anajibu:

Ndugu Mkusanyaji, usiuze chochote kwanza. Tenganisha mambo mawili ambayo wauzaji wanapenda kuyachanganya: kitu unachokishika mkononi, na kile kilichoandikwa ndani yake.

Michezo ya PlayStation 1 na PlayStation 2 haina utata. Konsoli ya pili ilitoka mwaka 2000, wakati ambapo hakuna aliyetarajia kwamba mteja ana intaneti nyumbani, kwa hiyo mchezo ulikamilishwa kiwandani, ukachapishwa, na yote yaliyomo yamo. Michezo mingi ya PlayStation 3 nayo imekamilika, ingawa ndipo masahihisho yalipoanza kutumwa kwa mtandao baada ya diski kuuzwa. Kwenye PlayStation 4 diski inanakiliwa kwanza katika hifadhi ya konsoli, na baada ya hapo inabaki kama uthibitisho kwamba mchezo ni wako. Watu wengi wanadhani kwamba kwa sababu hiyo diski hiyo ni tupu, nao wanajidanganya. Data imo. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ilitoka na diski mbili za Blu-ray kwa sababu moja haikutosha, na Final Fantasy VII Remake ya mwaka 2020 ilifanya vivyo hivyo. Hebu fikiria gharama ya kupakua gigabaiti karibu 100 kwa mega za simu hapa kwetu, katika usiku wenye delestaji, halafu umeme ukatike kabla kazi haijaisha. Mwenye diski hizo mbili anaanza kucheza jioni hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye sehemu yenye mitego. Kaseti za Switch ya kwanza zilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na kaseti yenye nafasi kubwa humgharimu mchapishaji zaidi. Kwa hiyo baadhi ya wachapishaji walichukua ndogo, wakaandika juu ya kasha kwamba sehemu ya mchezo itapakuliwa. Maandishi hayo yapo mbele, kwenye jalada, na anayenunua kwa haraka hayaoni. Kwenye Switch 2 wamekwenda mbali zaidi: ile kadi uliyoitaja ni ufunguo tu. Unaiingiza, unapakua mchezo mzima, na bado kila unapotaka kucheza lazima kadi iwemo. Kwa haki niseme kwamba kadi hiyo inaweza kuazimwa au kuuzwa tena, jambo lisilowezekana kwa mchezo ulionunuliwa ndani ya akaunti. Lakini siku seva itakapozimwa itabaki kipande cha plastiki. Si kwamba haikuwezekana kufanya vinginevyo, maana Cyberpunk 2077 ya Switch 2 imo yote katika kaseti ya gigabaiti 64.

Halafu kuna michezo ambayo hata diski kamili haiokoi. The Crew ya Ubisoft ilitoka Desemba 2014, na ingawa mtu aliweza kuicheza peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, ilihitaji seva kila dakika. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na diski zote duniani zikafa siku moja. Kutokana na tukio hilo ndipo ilipozaliwa kampeni ya Stop Killing Games (yaani, acheni kuua michezo), ambayo mwaka 2025 ilikusanya sahihi zaidi ya milioni moja katika nchi za Umoja wa Ulaya. Mchezo wowote unaodai mtandao muda wote usiuweke katika hesabu ya urithi wa mwanao, hata kama kasha lake linapendeza.

Njia yangu ya kupima ni hii. Namwomba muuzaji azime intaneti ya konsoli yake, aweke diski, tuone kama mchezo unaanza na kuendelea. Akikataa, naondoka. Kwa michezo ambayo siwezi kuipima mwenyewe, naangalia kazi ya mradi wa Does It Play, ambao watu wake hujaribu diski moja baada ya nyingine bila mtandao na kuandika matokeo.

Kuhusu mpwa wako, mwambie hili kwa upole. Mtandao wa PlayStation hauhudumii rasmi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Akaunti yake imefunguliwa kwa anwani isiyo yake, kinyume cha masharti aliyoyakubali. Ikifungwa kesho, atalalamika kwa nani, na kwa anwani ipi? Mwaka 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta wawe na akaunti za PlayStation, mchezo huo uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Sisi tuko katika kundi ambalo halikumbukwi na mtu mpaka lalamiko lipate sauti ya watu wa nchi nyingine.

Asiyebeba Mizigo (Goma) anajibu:

Mheshimiwa Yaya wa Bel-Air ameeleza vizuri, lakini naomba kupinga kidogo, kwa sababu anazungumza kama mtu ambaye kabati lake halijawahi kutishiwa na mlima.

Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya mji wetu iliamriwa kuhama, na familia nyingi ziliondoka kwa miguu kuelekea Sake zikiwa na walichoweza kubeba tu. Hakuna aliyebeba makasha. Mwaka 2002 ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa lava ilipita katikati ya mji na nyumba zilifunikwa na vyote vilivyokuwamo. Kwa hiyo ninyi wa Lubumbashi mnaposema kwamba diski ni mali ya kudumu, mimi nauliza inadumu wapi. Hifadhi ya nje ya terabaiti mbili inaingia mfukoni mwa koti.

Mimi nacheza zaidi kwenye kompyuta, na hapo hoja ya kwamba mchezo wa kupakua si wako haina nguvu sawasawa kwa kila duka. GOG huuza michezo bila kufuli ya kidijitali, na inakuruhusu kupakua kisakinishi unachoweza kukihifadhi popote na kukitumia bila intaneti na bila kuomba ruhusa. Napakua mara moja, mahali penye muunganisho mzuri, naweka nakala katika hifadhi mbili, na moja inakaa kwa dada yangu ng'ambo ya ziwa, Bukavu. Hiyo nayo ni mali. Ila nakubali kwamba maduka ya konsoli hayafanyi hivyo, na kwamba neno "nunua" linatumika humo kwa uhuru mno, kiasi kwamba jimbo la California limepitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wamweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni.

Jambo la pili: msiitukuze PlayStation 5 kwa sababu tu ina sehemu ya diski. Katika toleo jembamba la mwaka 2023, kisoma diski kinaweza kutenganishwa, na ukikiweka kwa mara ya kwanza lazima konsoli iunganishwe na intaneti ili ikitambue. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 haina kisoma diski kabisa, unakinunua pembeni. Sasa niambieni, baada ya miaka 20, kisoma diski kikiharibika na mtoto wa ndugu yetu akapata kingine cha mtumba, nani atakayekitambua?

Ushauri wangu: diski abaki nazo, lakini za ile michezo anayoipenda kweli. Makasha na ayatupe, diski aziweke katika pochi yenye mifuko ya kitambaa laini, na kwa mengine yote atumie hifadhi.

Fundi wa Kadutu (Bukavu) anajibu:

Naomba nianze na hiyo pochi, kwa sababu nimekwisha kupokea diski nyingi zilizotoka humo. Mifuko ya pochi hukusanya mchanga, na mchanga wa Goma unatokana na mawe ya volkano, ni mkali, kwa hiyo kila unapochomoa diski unaikwaruza. Kasha la plastiki linaishikilia diski kwenye tundu la katikati, na uso wake haugusi kitu. Asiyetaka kubeba makasha ana haki yake, lakini asifikiri kwamba diski hazitalipia uamuzi huo.

Ndugu Mkusanyaji, ukitaka kutunza diski zako, jua kwanza data imekaa wapi, kwa kuwa si kila diski ina upande uleule wa hatari. Kwenye CD, ambazo ndizo diski nyeusi za PlayStation 1 na zile za rangi ya buluu za baadhi ya michezo ya mwanzo ya PlayStation 2, plastiki ina unene wa milimita 1.2 na data iko juu kabisa, chini ya rangi na maandishi. Wengi wanaogopa kuikwaruza chini, kumbe mkwaruzo wa upande wa picha ndio unaoua CD, kwa kuwa unang'oa moja kwa moja tabaka la alumini. Usiandike jina lako juu yake kwa kalamu ngumu, na usibandue kibandiko cha bei kwa kucha. Kwenye DVD, ambayo ndiyo michezo mingi ya PlayStation 2, data imebanwa katikati ya sahani mbili za milimita 0.6 kila moja, kwa hiyo pande zote mbili zina ulinzi. Mkwaruzo wa chini kwenye CD na DVD unaweza kusuguliwa kwa mashine na diski ikasomeka tena, kwa sababu pana plastiki ya kupunguza.

Blu-ray ni habari nyingine kabisa. Ili kuandika data nyingi zaidi, waliisogeza hadi milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, kisha wakaupaka uso huo utando mgumu. Utando huo unastahimili mikwaruzo midogo kuliko DVD, lakini mkwaruzo mzito ukiupenya, hakuna kitu cha kusugua. Wanaoniletea diski za PlayStation 3 na PlayStation 4 wakiwa wamekwisha kuzipaka dawa ya meno wanakuwa wameondoa ulinzi wenyewe. Nasikitika, lakini siwezi kuwasaidia.

Adui mwingine ni unyevu. Hapa Bukavu mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, na ninaona karatasi za majalada zikiota ukungu, na mara nyingine diski zenye vitobo vidogo ukizitazama mbele ya taa. Hapo hewa na maji vimepenya pembeni, alumini imeanza kuliwa na kutu yake, na sehemu hiyo haitarudi. Kwenu Lubumbashi miezi ya kiangazi inawasaidia upande huo. Tatizo lenu ni vumbi. Simamisha makasha wima kama vitabu, mbali na dirisha na mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa mvua, na weka ndani ya kabati vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vibadilishe kila mwaka. Diski ikiwa chafu, ioshe kwa maji safi yenye sabuni kidogo, kisha ikaushe kwa kitambaa cha pamba ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzunguka, unaweza kuacha mkwaruzo unaofuata njia ya data, na leza itapotea humo kwa muda mrefu zaidi kuliko inavyoweza kujirekebisha.

Kaseti za Switch zinahitaji kazi ndogo kuliko hizo: zisimwagikiwe na maji, na sehemu za shaba zifutwe kwa alkoholi safi zikiacha kusomeka. (Watoto wakizitia mdomoni watajuta, maana Nintendo imezipaka denatonium benzoate, kitu kichungu mno, makusudi ili zisimezwe.) Mwenye kaseti za zamani za Game Boy ana jambo moja la kuharakisha. Nyingi kati ya hizo hutunza maendeleo ya mchezaji kwa betri ndogo ya lithiamu iliyo ndani, na betri hizo zina umri. Pokémon Gold na Silver huzimaliza mapema, kwa kuwa zinaendesha pia saa. Mchezo wenyewe haupotei, ila kumbukumbu zako zinafutika, na betri mpya inahitaji kuunganishwa kwa risasi na mtu anayejua kushika chuma cha moto.

Mwisho, usiitunze diski ukaisahau konsoli. Diski ya PlayStation 2 inaweza kuwa nzima kabisa huku leza ya kuisoma ikiwa imechoka. Weka kifaa cha kusawazisha umeme, kwa kuwa kinachochoma konsoli nyingi zinazofika mezani kwangu ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Na kama una PlayStation 4, hakikisha ina sasisho la 9.00 la Septemba 2021 au la baadaye. Kabla ya hapo, betri ndogo ya saa ndani ya konsoli ikifa, na huwezi kuunganisha na mtandao wa Sony, hata mchezo wa diski ungeweza kukataa kufunguka. Kosa hilo lilisahihishwa, lakini konsoli za mtumba ambazo hazijawahi kuona intaneti bado zinazunguka sokoni.

Mkusanyaji wa Katuba anaandika:

Nawashukuru sana, Yaya, Fundi, na wewe ndugu wa Goma pia, ingawa umenitikisa kidogo. Nimeangalia kaseti zangu za Switch baada ya kusoma jibu la kwanza, na kweli, mbili zina hayo maandishi ya kupakua mbele ya kasha.

Bado nina maswali mawili. Bidhaa zinazotufikia hapa zinapitia njia nyingi, nyingine kutoka Dubai, nyingine kutoka Afrika Kusini zikipitia Kasumbalesa, nyingine katika masanduku ya ndugu wanaorudi kutoka Ulaya. Nitajuaje kwamba diski itakubaliwa na konsoli yangu? La pili ni la michezo ya mpira wa miguu, ambayo ndiyo imejaa kuliko yote katika kabati. Kila mwaka inatoka mipya, na mpwa wangu anasema ile ya zamani haina thamani hata ya karatasi ya jalada.

Fundi wa Kadutu anajibu:

La kwanza ni rahisi. Soma namba iliyochapishwa juu ya diski au ubavuni mwa kasha. Kwa PlayStation 1 na 2, inayoanza na SLES au SCES ni ya Ulaya, SLUS au SCUS ni ya Marekani, na SLPS au SLPM ni ya Japani. Konsoli isiyofanyiwa mabadiliko itakubali ya eneo lake peke yake. Kwa PlayStation 3 karibu michezo yote inakubalika popote. Persona 4 Arena ndiyo iliyojulikana kwa kuvunja desturi hiyo. PlayStation 4, PlayStation 5 na Switch hazina kizuizi hicho kwa diski na kaseti, ila nyongeza za kupakua lazima zitoke katika duka la eneo lilelile la diski, la sivyo zitakataa kuungana nayo. Kwa Wii na 3DS za Nintendo kuwa mwangalifu, kwa kuwa vizuizi vipo.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi) anajibu:

Swali la pili niachieni mimi, kwa kuwa nina chumba cha michezo na vijana wa mtaa wanalipia kwa mechi. Biashara yangu ni mpira wa miguu kwanza, kisha yote mengine.

Mpwa wako amesema kweli kuhusu bei, lakini kuhusu thamani hajui anachozungumza. Ushirikiano wa kampuni ya EA na FIFA ulipokwisha, mchezo ukabadilishwa jina na kuwa EA Sports FC mwaka 2023, na wakati huo matoleo ya FIFA yaliyokuwa yakiuzwa mtandaoni, tangu FIFA 14 hadi FIFA 23, yaliondolewa madukani. Anayetaka FIFA 19 leo kwa njia halali hana pa kuipata isipokuwa kwenye diski. Na FIFA 19 hiyo ndiyo ya mwisho kutengenezwa kwa PlayStation 3, konsoli ambayo vyumba vingi vya mitaa yetu bado vinaitumia. Kampuni ya Konami nayo iliacha Pro Evolution Soccer (PES) ya kununua: mwaka 2021 ikaja eFootball, ya bure, ya kupakua, na inayotegemea mtandao. Wateja wangu wengi hawaitaki. Wanataka PES ya diski, maneti (vidhibiti vya mkononi) mbili, na mechi ianze bila kungoja sasisho la gigabaiti kadhaa kwa mega zangu mimi.

Huyu ndugu wa Goma anasema abaki na ile anayoipenda kweli. Nakubaliana naye, ila kwa michezo hii ya kila mwaka nina kipimo kingine. Weka toleo la kwanza na la mwisho la kila konsoli, pamoja na lile la mwaka ambao timu yako ilikuwa na kikosi unachokikumbuka, na mengine yaache yazunguke. PES 2014 ya PlayStation 2, kwa mfano, iliyotoka Novemba 2013, ni miongoni mwa michezo ya mwisho kabisa ya konsoli hiyo. Hiyo usiitoe.

Tena kuna jambo ambalo hamkuligusa, nalo ni kuazimana. Diski moja katika mtaa wetu inaingia nyumba nyingi kabla haijarudi kwangu, na mtoto ambaye baba yake hawezi kutoa dola 60 kwa mchezo mmoja anaucheza kama wengine. Akaunti ya mtu haiazimwi hivyo bila matatizo. Mwaka 2013 Microsoft ilipotangaza masharti ya Xbox One, ambayo yangebana diski za mtumba na kutaka konsoli ijitambulishe mtandaoni kila baada ya saa 24, wateja walikasirika mpaka kampuni ikayafuta mwezi huohuo wa Juni. Tangu hapo njia imebadilika: badala ya kuizuia diski, wanaondoa mahali pa kuiingiza. Kwa hiyo, ndugu Mkusanyaji, huyo muuzaji anayekuuzia konsoli kwa nafuu anakuuzia iliyopunguzwa kitu, na tofauti ya bei utailipa kwenye mchezo wa pili au wa tatu, kwa kuwa hutaweza kununua cha mtumba wala kuuza ulichomaliza.

Mimi ningechukua yenye kisoma diski, na ningekiunganisha na mtandao palepale dukani mbele ya muuzaji, ili hilo jambo la utambulisho lililotajwa na ndugu wa Goma liishe kabla sijatoa pesa.

Asiyebeba Mizigo anajibu:

Kwa hilo la kuazimana, mama, sina jibu. Umenishinda.

Yaya wa Bel-Air anajibu:

Mama ameongea. Nitaongeza jambo moja tu kwa ajili ya swali la miaka 20. Mwaka 2023, Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haipatikani tena kwa kununuliwa upya. Ufaransa, Maktaba ya Taifa hupokea nakala ya kila mchezo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1992, kama inavyopokea vitabu. Sisi hatuna mahali pa namna hiyo, wala sijaona taasisi ya hapa inayofikiria kuhifadhi hata matoleo ambayo vijana wetu waliyabadilisha wenyewe, wakaweka humo majina na jezi za TP Mazembe. Kama una diski za aina hiyo, zilizochomwa nyumbani (yaani zilizoandikwa kwa kompyuta), hizo ndizo za kunakili kwanza, kwa kuwa diski za kuchoma hutumia rangi inayoharibika kwa mwanga na joto, na hazidumu kama zile za kiwandani.

Mkusanyaji wa Katuba anaandika:

Ninazo mbili za aina hiyo, za PlayStation 2, na moja inaanza kukwama kila mechi inapoingia kipindi cha pili. Nitazinakili wiki hii kwenye kompyuta. Konsoli nitachukua yenye kisoma diski, na kuhusu michezo ya mpira nitafuata kipimo cha Mama wa Kamalondo. Mama, FIFA nyingi za PlayStation 3 nitazitoa. Kama chumba chako kinazihitaji, niambie ni za miaka ipi, tubadilishane na PES 2014, kwa kuwa hiyo sina.

Mama wa Kamalondo anajibu:

FIFA 19 naichukua hata kama una nakala tatu, na 17 pia. PES 2014 ninayo ya ziada, ya Ulaya, kasha limepasuka kona moja lakini diski ni safi. Njoo nayo konsoli yako tuijaribu kabla hujaondoka.